Nyoka wa Bujora, nyoka wa Edeni na nyoka wa duka la dawa

Mkazi wa Nyegezi
Ndugu zangu, hamjambo? Jumamosi niliwapeleka watoto Kisesa, katika makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, na mchezaji alipojivika chatu shingoni huku watu wakishangilia, binti yangu wa darasa la tano aliniuliza swali lililonishinda. Ikiwa nyoka ndiye aliyemdanganya Hawa, mbona hapa anachezwa, na mbona duka la dawa la mtaani kwetu limemchora ukutani? Nimemwahidi jibu, hivyo naomba msaada wenu.

Mfamasia, Igoma
Nyoka wa ukutani ametoka kwa Wagiriki wa kale. Mungu wao wa uganga, Asclepius, alichorwa na fimbo iliyozungukwa na nyoka mmoja, na katika mahekalu yake wagonjwa walilala usiku wakitarajia kuoteshwa tiba, huku nyoka wasio na sumu wakitambaa humo. Mara nyingi huelezwa kwamba walimheshimu kwa sababu hujivua gamba na kutoka kama aliyezaliwa upya, jambo ambalo Mtanzania halihitaji kufafanuliwa sana, maana mwaka 2011 msemo wa "kujivua gamba" ulitawala siasa zetu. Shirika la Afya Duniani nalo linatumia fimbo hiyo hiyo. Angalieni tu idadi ya nyoka: fimbo yenye nyoka wawili na mabawa ni ya Hermes, mjumbe wa miungu na mlinzi wa wafanyabiashara, tena hata wa wezi. Kikosi cha tiba cha jeshi la Marekani kiliichukua mwaka 1902, na tangu hapo mkanganyiko umeenea.

Mwalimu mstaafu, Magu
Mzazi mwenzangu, mwambie binti kwamba hata Biblia yenyewe haimpi nyoka maana moja. Katika Hesabu 21, Waisraeli walipoumwa na nyoka jangwani, Musa aliagizwa atengeneze nyoka wa shaba na kumweka juu ya mti, na aliyemtazama alipona. Injili ya Yohana ikaja kumfananisha na Kristo aliyeinuliwa. Hata hivyo, sanamu hiyo ilipoanza kufukiziwa uvumba, mfalme Hezekia aliivunja vipande vipande. Kitu kile kile kilikuwa dawa, kisha kikawa sanamu, kwa sababu watu walibadilisha namna ya kukitumia.

Kwa upande wa Wasukuma, kulikuwa na Bayeye, chama cha wacheza na nyoka, ambao hawakuwa watumbuizaji tu bali walijua dawa za mtu aliyeumwa. Kwa mkulima anayepalilia pamba peku, anayemshika nyoka asidhurike ni mtu wa kumkimbilia. Kwa maoni yangu, hapo Msukuma na Mgiriki wanakaribiana kuliko tunavyodhani: wote wawili walimweka mwenye sumu karibu na mwenye dawa.

Mama wa Kirumba
Naongeza upande wetu Waislamu. Katika Qur'ani, anayewashawishi Adamu na mkewe ni Shetani mwenyewe. Nyoka hatajwi katika kisa hicho. Anatajwa katika Surat Taha, pale fimbo ya Nabii Musa ilipogeuka nyoka kwa amri ya Mwenyezi Mungu, kwa hiyo ni muujiza, si mshawishi. Vilevile ipo hadithi inayoagiza nyoka wa majumbani Madina waonywe siku tatu kabla ya kuuawa, kwa kuwa huenda ni jini aliyesilimu. Marehemu bibi yangu aliifuata hadithi hiyo hapa hapa Mwanza, nasi watoto tulilala juu ya meza siku zote tatu.

Mkazi wa Nyegezi
Nawashukuru sana. Jioni tulipita pale dukani, binti akahesabu kwa sauti: nyoka ni wawili, na fimbo ina mabawa. Ameniomba ruhusa ya kumweleza mwenye duka, nami bado natafakari kama tumwambie habari yote ya Hermes, au tuishie kwa wafanyabiashara.