Kutoka Cessna 172 hadi 182: leseni yatosha?

Wenzangu marubani, nilifunzwa hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwa ndege ndogo aina ya Cessna 172, na sasa nimepata Cessna 182 ya kukodi. Je, nahitaji idhini nyingine?

Jibu: Kwa leseni ya Marekani, ndiyo. Injini inayozidi nguvu za farasi 200 (182 nyingi zina 230) hudai mwalimu akufunze, kisha atie sahihi kwenye kitabu chako cha safari. Kwa leseni ya Kenya, waulize KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya.

Jibu: Hata bila sheria, ndugu yangu, nenda na mwalimu. Pua ya 182 ni nzito wakati wa kutua, kuna wenzo wa buluu wa kubadili pembe ya mapanga ya propela, na Wilson, kwenye futi zaidi ya 5,500, hewa nyepesi hurefusha mbio za kupaa.

Muuliza swali: Nashukuru. Mwenye ndege naye, kumbe, anadai mwalimu.