Naomba ushauri: mama alipasuliwa puru, nahofia inashuka tena

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Lamu, nawaomba ushauri nyinyi mliouguza au wenye ujuzi.

Mamangu, miaka 71, alipasuliwa miezi 4 iliyopita kwa sababu puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mkubwa) ilikuwa ikitoka nje kila akienda haja kubwa. Kwa umri wake na presha, daktari alipitia njia ya haja yenyewe, si tumboni. Alituambia wazi: njia hii ni nyepesi kwa mzee, lakini puru hurudi kushuka mara nyingi zaidi kuliko ikishikizwa kwa ndani kupitia tumboni.

Juzi alfajiri aliniita chooni. Niliona kinyama chekundu, chalowa, kama ncha ya kidole gumba. Akajilaza ubavu, kikarudi chenyewe. Damu hakuna, maumivu hakuna. Lakini tangu siku hiyo amepunguza kula ili asiende choo, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Dawa ya kulainisha choo anatumia, mapapai na maji hayakosi, ndoo nimemkataza kubeba. Kikohozi tu ndicho hakijamwacha, na kila akikohoa anashika kiuno.

Je, hicho kinyama chaweza kuwa ni ngozi laini ya ndani tu, au ndiyo puru yenyewe inarudi? Na kliniki yake ni wiki 3 zijazo: nisubiri, au nivuke naye Mokowe, upande wa bara, sasa hivi tukatafute daktari wa upasuaji?