Jua nyuma ya shemine: nikate kamba ya nguo?

Mtoto wa Kamalondo
Salamu wandugu. Parokia yetu inaandaa maonyesho madogo ya picha za mji. Nimechagua moja niliyoipiga kwa simu mwaka jana, mwezi wa nane, nikiwa uani kwetu Kamalondo, hapa Lubumbashi, Kongo. Jua liko nyuma ya shemine, lile bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, jekundu kama kaa, na pembeni terili nyeusi, kilima cha mabaki ya tanuru. Chini kulia kuna kamba ya nguo na salopeti ya bluu ya baba, suruali ile yenye kifua na mikanda ya mabegani. Mpiga picha mmoja ameniambia niikate ile kamba, ati picha itakuwa safi. Tangu juzi moyo unakataa.

Baba alifanya kazi kwenye tanuru. Ukikaa kwenye kiti chake pale uani, jua huzama nyuma ya shemine mara mbili kwa mwaka: mwisho wa mwezi wa nne likielekea kaskazini, na katikati ya mwezi wa nane likirudi. La mwezi wa nne hakulijali. Mvua zimetoka kwisha, anga imeoshwa, linachoma macho. Alingoja la mwezi wa nane. Alituita tuache kila kitu, hata bukari, ugali wetu, ikiwa motoni. Picha hii ni ya mwezi wa nane wa kwanza bila yeye. Mama bado anafua ile salopeti.

Nimepewa mistari mitatu chini ya picha. Niandike nini ili hata asiyemjua baba aguswe?

Fundi wa Katuba
Dada, usikate. Wala usikoleze rangi. Wekundu ule ni wa kiangazi chetu: vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa porini hutawanya mwanga wa bluu, mwekundu ndio unaotufikia. Ukiukoleza itakuwa kalenda ya dukani. Acha chini pawe na giza, ila salopeti ionekane.

Yaya wa Ruashi
Mimi ningekata. Mgeni ataona nguo zimeanikwa, basi. Shemine ile ina mita 153, nani hapa Lubumbashi hajaipiga picha? Lakini kama unaiacha kamba, maneno yaitaje. Andika kiti, mwezi, salopeti. "Kumbukumbu" na "huzuni" viache.

Mzee wa komini Kenya
Binti yangu, na mimi nilifanya kazi pale. Terili uliyoipiga si ile tuliyoiacha sisi. Wameichimba upya kutafuta kobalti, imepungua. Kwa hiyo weka mwaka. Halafu, Sammy Baloji, mpiga picha, mwana wa hapa, alichukua wafanyakazi wa picha za kikoloni, katika picha zake akawasimamisha mbele ya magofu ya viwanda vya leo. Niliwatazama sana watu wale, nikitamani kujua walikuwa nani. Wewe jina unalo. Liandike lote.

Mtoto wa Kamalondo
Asanteni sana, sikati. Nimeandika jina lake lote, kisha: "Kamalondo, mwezi wa nane 2024. Hapa alikaa kungoja jua lifike nyuma ya shemine. Salopeti ni yake, ya kazi."

Nimemsomea mama jioni hii. Akasema nifute "ya kazi". Ya kazi alizikwa nayo. Hii alivaa akipalilia mihogo, na yeye mama ndiye aliyeishona kiraka cha kitenge gotini. Nimeikuza picha kwenye simu. Kiraka kipo, cha njano.