"Leak", "pour", "trickle": mnazitafsirije kwenye habari?

Binti Makorora:
Wakuu, salaam. Natafsiri habari za nje kwa redio moja hapa Tanga, zamu ya alfajiri, dawatini niko peke yangu. Kinachonitoa jasho si majina ya mawaziri wa Ulaya, ni maji. Waingereza hawa kila kitu kwao kinakwenda kimajimaji: wakimbizi wanavuka mpaka kwa "pour", misaada inaingia kwa "trickle", wataalamu wanaondoka kwa "drain", siri inatoka kwa "leak". Siku nyingine yote yamo kwenye aya moja! Nikiandika "tiririka" kila mahali, msikilizaji wa Ngamiani atadhani natangaza masika. Kuna kanuni, au kila kitenzi kinaonjwa peke yake? "Leak" ndiyo inanisumbua zaidi.

Mwalimu Mstaafu, Chumbageni:
Marhaba, maana naona shikamoo imesahaulika.

Kanuni moja haipo. Tazama kwanza maji yenyewe ni mengi kiasi gani. "Pour" ni mengi na hayakatiki, na sisi tuna kumiminika: watu humiminika Mkwakwani Coastal wakicheza na timu ya Dar. "Trickle" ni kuchuruzika, kidogo na kwa kusuasua. Ndiyo maana waliopinga sera za uchumi za Rais Reagan wa Marekani miaka ya 1980 walipenda kuziita "trickle-down". Ni kejeli: tajiri ajazwe kwanza, maskini asubiri kitakachochuruzika. Nimewahi kusoma mahali "uchumi wa kutiririka", nikacheka. Kinachotiririka si haba, kwa hiyo mtafsiri ameisafishia sera jina bila kulipwa. Andika "uchumi wa matone", kejeli ibaki.

"Brain drain" ilianza kuvuma Uingereza miaka ya 1960, walipokuwa wakilalamika wanasayansi wao wanahamia Marekani. Hapo maji ya nini? "Wataalamu kukimbilia nje" inatosha.

Fundi wa Deep Sea:
Mie Kiingereza sikijui, kazi yangu kukalafati mashua, kuziba nyufa za mbao. Lakini kuvuja nakujua. Mashua ikikaa juu siku nyingi jua linakausha mbao, zinaachana, ukiishusha inavuja. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Ila nikikuta tundu la msumari lililong'olewa, sisemi inavuja nikanyamaza, nauliza nani kaugusa. Sasa hiyo siri yenu ya redioni, mbao zimekauka au kuna mtu kang'oa msumari?

Binti Makorora:
Shikamoo mwalimu, nisamehe, usingizi wa zamu.

Fundi, hapo hapo! Kwa Kiingereza neno ni lile lile, waraka uwe umetoka wenyewe au ofisa kautoa. Mimi lazima nichague: "uliovuja" au "uliovujishwa". Wa kwanza unamficha mtu, wa pili unamtaja kuwa yupo hata kama simjui jina.

Mwalimu Mstaafu, Chumbageni:
Basi fuata ushahidi. Mwaka 1971 Mmarekani Daniel Ellsberg alizichukua mwenyewe nyaraka za siri za vita vya Vietnam akazipeleka gazeti la New York Times. Hizo hazikuvuja, alizivujisha. Ukiandika "zilivuja" umemnyang'anya mtu kitendo chake, na serikali ya Rais Nixon ilimshitaki kwa kitendo hicho hicho. Lakini kama shirika la habari halisemi zimetokaje, baki na "zilizovuja". Usimtie mtu kwenye sentensi kwa kukisia.

Mwana Coastal:
Mwalimu, mbona kumwaga mmekuruka? Mchezaji anamwaga wino, mfanyakazi anamwaga unga, mgombea anamwaga sera. Na nyumbani kwangu: ukimwaga mboga, mimi namwaga ugali. Mzungu ana nini cha kumwaga?

Mwalimu Mstaafu, Chumbageni:
Ana maharage. "Spill the beans" ni kutoboa siri, jirani kabisa na kumwaga mtama penye kuku wengi. Wino wake yeye akiumwaga hasaini mkataba, kwa hiyo binti, ukikutana na "spill" usidhani kuna mchezaji kasajiliwa.

Binti Makorora:
Nimewaelewa. Ile ya leo ya waraka wa wizara imeandikwa tu "leaked", chanzo hakikutajwa, inakwenda hewani "uliovuja". Kesho nawaletea "surge" ya bei ya mafuta. Fundi, usikae mbali.

Fundi wa Deep Sea:
Kama ni kupanda kwa ghafla, bamvua, yale maji makuu ya bahari ya mwezi mwandamo na mpevu, usiiguse. Bamvua tunaijua tarehe yake.