OSPF yakataa jirani wa 11, lakini nikiristati inashika??

fundi_kongowea: Wadau salaam. Tuna sava ya Linux hapa mjini yenye FRR (programu ya ruta, ndo yaendesha OSPF, lugha ya ruta kuambiana njia) ndo ruta yetu kubwa, kila mtaa tumeupa VLAN yake (mtandao wake wa pekee) na upande wa pili pana ruta moja tu, yani Nyali, Bamburi, Mtwapa, Likoni, hadi kule Changamwe. VLAN 10 za kwanza hazikunisumbua hata siku moja. Juzi naongeza ya 11 ya Mishomoroni, jirani, yani ruta ya upande wa pili, hatokei! Ping yapita, area sawa, taima sawa, na la kunitia wazimu ni kua kwa tcpdump (chombo cha kuchungulia pakiti) naziona Hello zake, pakiti za kujitambulisha, zaingia kila sekunde 10. Mwenzangu kule yuwaniona lakini amekwama Init, hatua ya mwanzo ya ujirani. Nikaristati ospfd (sehemu ya FRR inayoendesha OSPF), ikashika, nikalala. Leo naweka ya 12, kimya tena. Sasa ntakua naristati kila tukipata mtaa mpya?

kijana_wa_pwani: faiawali hiyo, angalia kama protokali 89, yani OSPF, imefunguliwa

fundi_kongowea: Sina rul hata moja kaka. Na ingekua faiawali hizo 10 zingepita vipi

mama_soketi: Tupige hesabu basi. ospfd yapokea pakiti za intafesi zote kwa soketi moja (mlango wa programu wa kupitishia pakiti), na kwa kila intafesi lazima soketi hiyo ijiunge na kikundi cha maltikasti 224.0.0.5 (anwani moja ya kusikilizwa na wengi). Ukichaguliwa DR (ruta kiongozi wa VLAN) au BDR (msaidizi wake) waongeza na 224.0.0.6. VLAN zako zina ruta mbili mbili, so lazima uwe mmoja wao, huponi, kila VLAN yakula nafasi mbili. 10 mara 2 ni 20, na kerneli (kiini) ya Linux ukiiacha ilivyo huruhusu soketi moja vikundi 20 basi. Ya 11 yakuta pamejaa. Chungulia logi utaona "No buffer space available" (hakuna nafasi ya bafa), watu huisoma wakaenda kununua RAM 😂

tcpdump nayo isikudanganye, huzichota pakiti kabla hazijafika ngazi ya IP, kwa hivyo wewe waziona, ospfd haizipati. Hello zako zatoka vizuri ila hazimtaji mwenzio manake hujamsikia, ndo hiyo Init.

Na ristati je? Ukiwasha upya zote 11 zajiunga 224.0.0.5 kwa mpigo, uchaguzi wa DR waja baadae, zabaki nafasi 9. Mbili zikakosa 224.0.0.6 na hukuhisi kitu, kwa sababu DR na BDR wakiwa wawili tu huambiana kwa 224.0.0.5. Ya 12 ndo ikakuta tena pamejaa.

Dawa: `sysctl -w net.ipv4.igmp_max_memberships=200`, uiandike na ndani ya /etc/sysctl.d isipotee ukiwasha mashine, halafu hiyo VLAN ya 12 izime uiwashe ijiunge upya. Mimi pia ningezigeuza zote point-to-point (kiungo cha ruta mbili tu), pande zote mbili lakini, hapo hakuna DR wala BDR na kila VLAN yala nafasi moja.

kijana_wa_pwani: kumbe. mimi natumia BIRD, programu nyingine ya ruta, sijawahi kukutana na hii

mama_soketi: BIRD hufungua soketi yake kwa kila intafesi, ndo maana.

fundi_kongowea: Mama wee! Logi imejaa hayo maneno tangu juzi na mimi naangalia kebo. Nimeweka 200, ya 12 iko Full (ujirani umekamilika) bila kuristati. Point-to-point ntaifanya usiku wateja wakilala.