Malalamiko yangu: klabu iliyocheza mechi moja inaitwaje bingwa wa dunia?

Ndugu wanajamvi, nawasalimu kutoka Arusha.

Ninaleta malalamiko haya nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Tangu Desemba 17, 2025, usiku ambao Paris Saint-Germain waliishinda Flamengo ya Brazil katika fainali ya Kombe la Mabara la FIFA nchini Qatar, mashabiki wenzangu katika vibanda umiza vya Kijenge, Sakina na Ngarenaro wamekuwa wakitangaza kwamba dunia imepata bingwa wake, na watangazaji wa vipindi vya michezo, watu wanaolipwa kufuatilia mambo haya, wanawaunga mkono bila kuuliza swali hata moja. Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Paris walicheza mechi ngapi ili kulipata kombe hilo? Walicheza moja, kwa kuwa bingwa wa Ulaya huanzia fainali, ikaisha kwa sare ya 1-1, wakashinda kwa penalti.

Itazameni sasa njia ya Pyramids ya Misri, bingwa wa Afrika wa mwaka 2025. Mwezi Septemba waliifunga Auckland City ya New Zealand mabao 3-0 jijini Cairo, kisha wakasafiri hadi Jeddah kupambana na Al Ahli, bingwa wa Asia, mbele ya mashabiki wa wenyeji, wakashinda 3-1, na mabao yote matatu akayafunga Fiston Mayele, huyuhuyu tuliyemshangilia akitetema na jezi ya Yanga. Baada ya kuwaondoa mabingwa wa mabara mawili, bado waliambiwa kwamba hawajafika fainali. Desemba 13 walikwenda Doha, Flamengo wakawafunga 2-0, safari ikaishia hapo. Flamengo nao walikuwa wameanza na Cruz Azul ya Mexico Desemba 10. Kwa hiyo fainali iliikutanisha timu iliyokuwa ikicheza mechi yake ya tatu ya mashindano ndani ya siku nane na timu iliyokuwa ikicheza mechi yake ya kwanza, na hata hivyo ilihitajika mikwaju ya penalti ili kuwatenganisha.

Sisi tunaoishi chini ya milima hii tunajua maana ya kupanda. Mtu anaanzia lango la Marangu, analala Mandara, analala Horombo, anafika Kibo akiwa amechoka, ndipo anaanza usiku ule mgumu wa kuelekea Uhuru. Mwingine angeletwa kwa helikopta hadi Kibo, akapanda kipande cha mwisho peke yake, hakuna mwongozaji wa Moshi ambaye angekubali kwamba wawili hao wamepanda mlima mmoja. Katika mpira tunakubali, tena kwa vigelegele.

Msimamo wangu ni huu, na nitautetea mbele ya yeyote. Klabu inastahili kuitwa bingwa wa dunia pale tu inapokuwa imeingia kwa kutwaa ubingwa, ikaanzia hatua ileile wanayoanzia mabingwa wengine, na ikazifunga uwanjani timu kutoka nje ya bara lake, si moja ya kubahatisha. Ukubwa wa jina, thamani ya wachezaji na idadi ya jezi zinazouzwa havimo katika sifa hizo, kwa sababu hayo ni mambo ya biashara na yana tuzo zake nyingine.

Dhuluma hii haikuanza juzi. Mwaka 1960, katika Kombe la Mabara la zamani, Real Madrid ya Hispania walitoka sare 0-0 na Peñarol ya Uruguay mjini Montevideo, wakawafunga 5-1 nyumbani, na mashindano hayo ya Ulaya na Amerika Kusini pekee yakaendelea hadi mwaka 2004 bila bingwa wa Afrika, wa Asia wala wa Amerika ya Kaskazini kuruhusiwa kugusa mpira. Sina ugomvi na mashindano yenyewe, kwa kuwa mabara mawili yana haki ya kuandaliana mechi, na ile Santos ya Pelé iliyowafunga Benfica 5-2 jijini Lisbon mwaka 1962 ilikuwa timu ya ajabu kwa kipimo chochote. Ugomvi wangu ni na kile kilichofanyika Oktoba 27, 2017, pale Baraza la FIFA lilipokutana Kolkata nchini India na kuamua kwamba washindi wote wa kombe hilo, kuanzia 1960, watambuliwe kuwa mabingwa wa dunia. Yaani watu walikaa mezani wakagawa ubingwa wa dunia wa miaka zaidi ya arobaini ambao sehemu kubwa ya dunia haikualikwa kuugombea.

Chukueni mwaka 1974 peke yake. Bayern Munich, bingwa wa Ulaya, walikataa kushiriki. Nafasi yao wakapewa Atlético Madrid, waliokuwa wamefungwa na Bayern hao hao katika fainali ya Ulaya, wakacheza na Independiente ya Argentina, wakapoteza 1-0 ugenini na kushinda 2-0 nyumbani, na leo FIFA inawaandika Atlético kuwa mabingwa wa dunia ilhali hawajawahi kuwa mabingwa wa bara lao hata mara moja. Mwaka huohuo bingwa wa Afrika alikuwa CARA ya Brazzaville. Simba yetu ilifika nusu fainali ya mashindano hayo ya Afrika na kuondolewa kwa penalti na Mehalla ya Misri, timu ambayo CARA waliifunga katika fainali. Bayern walipokataa, hakuna aliyewaza kumwita bingwa wa bara jingine. Alitafutwa aliyeshindwa wa Ulaya. Wazee waliokuwa wakiifuata Simba wakati huo wako hai hapa mjini, na ninaona uchungu kuwasikia vijana wakiwaambia kwamba Atlético ni bingwa wa dunia na kwamba CARA ni jina lisilojulikana.

Mtindo wa Kombe la Dunia la Vilabu ulioendeshwa kuanzia 2005 hadi 2023 ulikuwa na nafuu kidogo, kwa sababu angalau mabingwa wa mabara yote walikuwa ndani, ila Ulaya na Amerika Kusini walianzia nusu fainali huku wengine wakianza chini. Humo ndimo TP Mazembe ya DR Congo walimofanya jambo ambalo mashabiki wengi wa hapa wamelisahau upesi mno. Desemba 2010, huko Abu Dhabi, waliifunga Pachuca ya Mexico 1-0, kisha wakaifunga Internacional ya Brazil, bingwa wa Amerika Kusini, 2-0 kwa mabao ya Kabangu na Kaluyituka, kipa Kidiaba akaruka kwa makalio uwanjani na dunia nzima ikamcheka, badala ya kujiuliza ilikuwaje timu ya Lubumbashi ikaivunja fainali ya Ulaya na Amerika Kusini iliyokuwa imezoeleka. Walifungwa na Inter ya Italia 3-0 katika fainali, na walifungwa kihalali. Lakini walikuwa wakicheza mechi ya tatu na Inter ya pili.

Nitawaambia jambo ambalo mashabiki wa Arsenal na wa Manchester United hapa mjini hawatalipenda. Kwa vigezo nilivyoviweka, Chelsea wana haki kubwa zaidi ya jina hili kuliko Paris wa Desemba. Katika Kombe la Dunia la Vilabu la timu 32 nchini Marekani, lililomalizika Julai 13, 2025, Chelsea walicheza mechi saba, wakazifunga LAFC ya Marekani, Espérance ya Tunisia, Benfica ya Ureno, Palmeiras na Fluminense za Brazil, na mwishowe Paris hao hao kwa mabao 3-0. Hizo ni timu za mabara manne. Walipoteza mechi moja, 3-1 dhidi ya Flamengo, na mashindano ya makundi yanaruhusu hilo. FIFA yenyewe iliwapa cheo cha mabingwa wa dunia na nembo ya kuvaa kifuani, kisha miezi mitano baadaye ikaandaa fainali nyingine ambayo watu wetu wanaiita ya ubingwa wa dunia. Mwaka mmoja, mabingwa wawili, na hakuna mtangazaji anayeona aibu kulitamka jina hilo kwa wote wawili.

Hata hivyo hayo ya Marekani nayo yana kasoro kubwa mlangoni. Chelsea waliingia kwa ubingwa wa Ulaya wa mwaka 2021, miaka minne kabla, wakati Liverpool waliokuwa wametoka kutwaa ligi ya Uingereza walibaki nyumbani. Inter Miami ya Lionel Messi walipewa nafasi ya mwenyeji kwa kuongoza msimamo wa ligi ya Marekani, nao wakaondolewa katika raundi ya kwanza ya mtoano wa ligi hiyohiyo, ubingwa wa 2024 ukaenda kwa LA Galaxy ambao hawakuitwa. Ulaya yenye vyama wanachama 55 ilipewa nafasi 12, na Afrika yenye wanachama 54 ilipewa nne. Fedha za kushiriki zilifuata mkondo huohuo: dola milioni 9.55 kwa kila klabu ya Afrika, na hadi milioni 38.19 kwa klabu ya Ulaya, kabla mpira haujapigwa hata teke moja.

Najua jibu linalokuja, kwa sababu nimelisikia hadi masikio yamechoka. Mtasema kwamba Ulaya ndiko kuliko na mpira, na kwamba bingwa wao angeshinda hata akianzia chini. Basi aanzie chini. Kama nguvu hiyo ipo, raundi mbili za ziada hazitaipunguza. Hukohuko Marekani Al Hilal ya Saudi Arabia waliwatoa Manchester City kwa 4-3, Botafogo ya Brazil wakawafunga Paris, mabingwa wapya wa Ulaya, 1-0, Fluminense wakawaondoa Inter 2-0, na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini wakawafunga Borussia Dortmund ya Ujerumani mabao matatu ingawa walipoteza 4-3. Sitaficha kwamba Wydad ya Morocco walipoteza mechi zao zote tatu, wala kwamba Auckland City walifungwa 10-0 na Bayern. Hao Auckland, ambao wengi wao wana kazi nyingine za kuwalisha, ndio waliotoka sare 1-1 na Boca Juniors ya Argentina siku chache baadaye. Matokeo ya aina hiyo hupatikana uwanjani tu, na ndiyo sababu ninadai kila bingwa afike uwanjani kwa njia moja.

Kinachonikera zaidi ni kwamba dharau hii tunaibeba sisi wenyewe. Tunajengewa uwanja mpya pale Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027, tunajisifu kwamba Afrika itakuja kucheza Arusha, halafu usiku huohuo kijana wa Unga Limited anakwambia bingwa wa Afrika huenda Doha "kushiriki". Watangazaji wanampa maneno hayo. Yanga walipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, na Simba walipoifikia mwaka 2025, tulielezwa kwa wiki kadhaa jinsi mashindano ya Afrika yalivyo magumu. Bingwa wa ugumu huohuo akivuka mipaka anageuka kuwa mshiriki.

Ninadai kwamba watangazaji wetu, kabla ya kutamka jina la bingwa wa dunia, waeleze timu hiyo ilianzia hatua gani na ilimfunga nani. Ninadai pia kwamba CAF, Shirikisho la Soka la Afrika, ambayo bingwa wake ndiye anayesafirishwa kutoka Cairo hadi Jeddah hadi Doha, isikubali tena droo ya Kombe la Mabara ambayo jina la bingwa wa Ulaya halimo ndani ya chungu kimoja na majina ya wenzake.

Na yeyote humu anayeamini kwamba Paris Saint-Germain ni mabingwa wa dunia kwa kombe lile la Desemba, aje atutajie bingwa wa Afrika, wa Asia, wa Oceania au wa Amerika ya Kaskazini ambaye Paris walimfunga katika mashindano hayo. Nasubiri jina.