Fundi ameniambia betri ya gari langu imeshikwa na baridi, na foleni nzima ya feri imemsikia

Mwalimu wa Zamu (mwanzilishi wa uzi)

Ninaandika haya mikono ikiwa bado inatetemeka, na wala haitetemeki kwa baridi. Sitamtaja mtu. Sina haja ya kumtaja, kwa sababu kila mwenye gari kisiwani na ng'ambo ya Likoni anamjua fundi ninayemsema: yule wa chini ya mkungu, ambaye redio yake haijazimwa tangu Vasco da Gama alipotia nanga hapa mwaka 1498, na ambaye hakuna gari lililowahi kumshinda, ila kila gari aliloligusa limemshinda mwenyewe.

Nilimpelekea kamera ya dashibodi pamoja na kifurushi cha nyaya za kuipa umeme kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi, kwa kuwa sikutaka ule waya unaotoka kwenye tundu la kiberiti ukaninginia mbele ya kioo kama kamba ya kuanikia nguo. Kifurushi kilikuwa na nyaya tatu na karatasi yenye picha ambayo mtoto wa chekechea angeielewa: mweusi kwenye athi, yaani chuma cha bodi ya gari, mwekundu kwenye fyuzi inayopata umeme pale tu swichi inapofunguliwa, na wa njano kwenye fyuzi yenye umeme wakati wote, ili kamera itambue gari linapotembea na linapoegeshwa. Bwana mkubwa aliitazama karatasi, akaigeuza, akaifutia oili mikononi, kisha akaniuliza, "Waya tatu za nini, mamangu, na kamera ni moja?" Akausokota mwekundu pamoja na wa njano, akazungushia ncha yake kwenye mguu wa fyuzi ya taa ya ndani, akaishindilia fyuzi mahali pake kwa bisibisi na kutangaza kwamba kazi imekwisha.

Tangu hapo kamera haijalala. Nikizima gari, yenyewe inaamini bado niko safarini, hivyo inaurekodi ukuta wa nyumba yangu usiku kucha, pamoja na paka wa jirani, ambaye sasa nina ushahidi wa kutosha kumfikisha katika mahakama yoyote ya nchi hii.

Asubuhi ya leo gari liliwaka kwa kukohoa. Nikajikokota nalo hadi kwenye foleni ya feri upande wa Likoni, nikazima injini, na foleni ilipoanza kusogea nikafungua swichi na kupata mlio mmoja tu: tik. Nyuma yangu palikuwa na matatu, lori la mchanga na tuktuk zisizohesabika, na honi zote zilikuwa nzima. Gari ni la otomatiki, kwa hiyo vijana waliojitolea hawakuweza kulisukuma likawaka. Walilisogeza pembeni tu huku wakinipa pole zisizo na dalili ya majonzi. Nikampigia fundi simu na kuiweka kwenye sauti ya juu ili mikono yangu ipate kufungua boneti. Naye, mbele ya halaiki ile, jua likiwa limekwisha kunikaanga utosi, akanijibu kwa upole mkubwa: "Mamangu, hiyo betri imeshikwa na baridi."

Baridi. Mombasa. Mji ambao ukiliacha yai juu ya boneti adhuhuri, kinachobaki ni kutafuta chumvi. Nilidhani mtandao umekatika, nikamwomba arudie. Akarudia, na akanizawadia ushauri: "Usiku uwe unaifunika blanketi."

Blanketi! Mwuza kahawa aliliweka dele lake chini ili acheke kwa nafasi. Dereva wa matatu aliwarudia abiria wake na kuwasimulia wale waliokuwa wamekaa nyuma wasisikie. Mimi mwenyewe silali na blanketi, mume wangu halali na blanketi, na blanketi pekee lililomo nyumbani tuliletewa na jamaa wa Nyeri, nalo hatujalifungua. Sasa nilitoe, nikaifunike betri?

Kibaya zaidi ni kwamba kamera, ambayo ndiyo pekee iliyobaki na nguvu katika gari zima, imelirekodi jambo hilo lote kwa picha na sauti. Sitaki ushauri. Ninataka mnisaidie kukasirika.

Nahodha wa Nchi Kavu

Mwalimu, hata ukighadhibika vituo na mikato yako hukaa mahali pake. Nimtetee fundi kidogo: mwezi wa Julai, alfajiri, joto hapa hushuka hadi karibu na nyuzi 20, na nyanya yangu huvaa sweta mbili na kuuliza ni nani aliyeuacha mlango wazi. Huenda betri yako ni ya ukoo wetu.

Mama Mahamri

Huyu ni yule wa kofia ya kijani? Mimi aliniambia rejeta yangu "ina mawazo mengi", akanitoza pesa za kuituliza.

Mjukuu wa Kibokoni

Wa kofia ya kijani ni mwingine. Anayesemwa hapa ni yule mwenye suruali iliyokunjwa mguu mmoja.

Mama Mahamri

Mguu upi? Kuna wawili.

Umeme si Uchawi

Dada, pole sana, lakini acha tulieleze jambo lilivyo. Betri ya gari iliyojaa, ikiwa imetulia bila kazi, huonyesha takriban volti 12.6. Ikishuka hadi 12.2 imebaki na nusu, na ikifika karibu na 11.8 haina la kukupa zaidi ya ule mlio ulioupata. Vifurushi vingi vya namna hiyo vina kisanduku kinachoshusha volti 12 za gari hadi 5 za kamera, na pembeni pana swichi ndogo ya kuchagua kiwango ambacho betri ikikifikia, umeme wa kamera unakatwa. Nitashangaa ikiwa fundi wako hakuiacha kwenye 11.6, kwa sababu kiwango hicho humlinda kila mtu isipokuwa mwenye gari. Isogeze hadi 12.2.

Tena, kamera inayokula ampea 0.4 huondoka na ampea-saa 4.8 kila usiku wa saa 12, na mwendo mfupi wa kutoka nyumbani hadi feri haurudishi kitu. Baridi kweli hudhoofisha betri, lakini ni ile ya nchi zenye theluji. Huku kwetu joto ndilo linalozila betri polepole. Waya mwekundu utenganishwe na wa njano, uwekwe kwenye fyuzi inayokufa swichi ikifungwa, na utumie kishikio cha fyuzi mbili, si kuzungushia waya kwenye mguu wa fyuzi, maana waya wa namna hiyo hulegea, hupata moto, na siku moja utaona moshi mahali ambapo hukuchoma udi.

Mwalimu wa Zamu

Nimeandika kwa lugha iliyo wazi kwamba sitaki ushauri. Volti zako ninazishukuru na nimezinakili. Lakini umeandika aya mbili nzima bila kulitaja blanketi hata mara moja, na mimi sijui mtu anawezaje kulipita blanketi vile.

Mzee wa Makupa

Mwalimu, mimi nitakukasirikia wewe. Mtu anafuta mikono yake yenye oili kwa karatasi ya maelekezo, nawe umesimama hapo na mkoba wako unamtazama? Mtoto akifanya hivyo kwa daftari darasani kwako ataiona jioni?

Mjukuu wa Kibokoni

Tuache mambo ya volti. Swali la msingi ni hili: video iko wapi?

Mwalimu wa Zamu

Video haitaonekana na kiumbe yeyote. Kadi ikijaa, kamera itaandika juu yake, na aibu yangu itafutika kwa kudra ya Mwenyezi Mungu.

Umeme si Uchawi

Samahani kukukatisha tamaa. Kamera nyingi zina kihisi cha mtikisiko, na gari likitikiswa kwa nguvu, kipande kinachorekodiwa wakati huo hufungiwa kwenye folda yake ili kisifutwe na mzunguko. Wale vijana waliposukuma gari, inawezekana kabisa kwamba blanketi lako limehifadhiwa pamoja na ajali.

Nahodha wa Nchi Kavu

Nimecheka hadi mke wangu ameniuliza kama nimeshikwa na baridi.

Muuza Nazi Mstaafu

Wewe una bahati kwamba hata una video ya kuionea haya. Mimi niliuziwa kadi iliyoandikwa GB 128 kwa herufi nzuri za dhahabu, kumbe ndani nafasi ni GB 8, na kinachozidi hapo kinaharibika kimyakimya. Tuktuk ikanigonga pale Kongowea, dereva wake akaapa kwamba mimi ndiye niliyerudi nyuma, nami nikatoa kadi kwa mbwembwe zote mbele ya mashahidi. Tukaketi kuitazama kwenye simu. Tulichokiona ni nusu ya harusi ya watu nisiowajua, bibi harusi akikata keki. Nikalipa taa ya tuktuk.

Mama Mahamri

Bibi harusi alivaa nini?

Kijana wa Mikindani

Kadi ni jambo dogo. Mimi, fundi wangu, ambaye si huyu wa kwenu, aliupitisha waya juu ya mfuko wa hewa uliomo kwenye nguzo ya kioo cha mbele, badala ya kuupitisha nyuma yake. Nilipomwuliza itakuwaje mfuko ukifumka, alinijibu kwamba nisigongwe.

Mzee wa Makupa

Hilo nalo ni jibu. Ninalipenda kuliko la blanketi.

Tajiri wa Gari Moja

Mnalalamikia mafundi kwa sababu hamjaajiri dereva. Nimeiwekea matatu yangu ya Mtwapa kamera ya lenzi mbili, moja ikitazama barabara na nyingine ikitazama ndani, na nyaya zote ziliwekwa sawasawa na mtu anayejua kazi yake. Kuna kitu kimoja tu kisicho sawa: kila siku ninaona vizuri kutoka Mtwapa hadi Bamburi, kisha giza, kisha mwanga tena gari likiwa limefika mjini na nusu ya abiria wamekwisha kushuka. Dereva anasema kwamba lenzi ya ndani "inaona haya" watu wanapokuwa wengi. Nilipoichunguza nikakuta alama ya jasho ya kofia yake juu ya lenzi.

Dereva Asiye na Jina

Tajiri, kwa heshima, sisi madereva nasi tuna la kusema. Kamera ile inasikia kila kitu, nawe hunipigia simu kuniuliza kwa nini nimenunua soda ya pili. Vilevile umeifunga kwenye njia ya feni, na tangu iwekwe, hewa yote inapulizwa kwayo kwa hofu ya kamera kuungua kwa joto, nami ninaendesha nikiwa nimelowa tangu utosi hadi kisigino.

Tajiri wa Gari Moja

Sikuwa nimekutaja. Umejuaje kwamba ni wewe?

Mwalimu wa Zamu

Ndugu zangu, ninawakumbusha kwamba uzi huu nimeuanzisha mimi, na kwamba mtu mzima aliniambia, mbele ya lori la mchanga, niifunike betri blanketi.

Dereva Asiye na Jina

Pole, Mwalimu. Tajiri, joto lina maana. Kamera zenye betri ndogo ya lithiamu ndani huvimba zikiachwa juani, na hii yako imekwisha kuanza kufunguka ubavuni. Nunua ile inayotumia kapasita badala ya betri, uihamishie nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, nami nitaivua kofia.

Tajiri wa Gari Moja

Ukivua kofia mapato ya Jumapili yatapanda kwa kiasi gani?

Mjukuu wa Kibokoni

Samahani kwa kuingilia hesabu za watu. Ninataka kuweka kamera ya nyuma kwenye Toyota Noah, na waya nilioupata ni wa mita 6. Utatosha kutoka mbele hadi kwenye kioo cha nyuma ukipitishwa chini ya kitambaa cha dari?

Umeme si Uchawi

Utatosha. Lakini unapouvusha kuingia kwenye mlango wa nyuma, upitishe ndani ya ule mpira wa nyaya za gari lenyewe na uuachie urefu wa ziada, la sivyo utakatika mlango ukifunguliwa na kufungwa.

Mama Mahamri

Wa kwangu ulikatika hapo hapo. Nilimpelekea yule wa kofia ya kijani, akaniambia nisiwe nafungua mlango wa nyuma.